Programu ikirekebishwa sharti ipimwe upya, hata mahali palipokuwa pazima

KILA mwenye simu ya kisasa amewahi kupokea ujumbe unaomhimiza achukue toleo jipya la programu fulani. Huahidiwa kasi zaidi, sura ya kupendeza na huduma ambazo hazikuwepo. Aghalabu ahadi hizo hutimia. Hata hivyo, si ajabu baada ya toleo hilo kuwekwa, jambo la zamani lililokuwa likifanya kazi barabara likagoma ghafla: taarifa ya akaunti haifunguki, tarehe zinajipanga ovyo, au ujumbe wa kuthibitisha malipo haufiki.

Mtumiaji hubaki akijiuliza swali la haki. Ikiwa waliorekebisha programu waligusa kitu kimoja tu, mbona kingine ambacho hakikuguswa kimeharibika?

Jibu la swali hilo ndilo msingi wa kazi moja isiyoonekana na umma, ambayo ikipuuzwa huweza kuifilisi kampuni kwa muda wa chini ya saa moja, au hata kukatiza maisha ya mgonjwa. Kazi hiyo ni kupima upya, kila mara programu inapobadilishwa, yale yote yaliyokuwa yakifanya kazi kabla ya mabadiliko. Wataalamu wa tarakilishi huiita upimaji wa rigresheni. Neno hilo lina maana ya kurudi nyuma: programu iliyokuwa imepiga hatua mbele inarudi ilikotoka, au mahali pabaya zaidi.

Kila sehemu hutegemea nyingine

Programu ni mkusanyiko wa maagizo ambayo tarakilishi huyafuata bila kuuliza. Programu ya benki huweza kuwa na mamilioni ya mistari ya maagizo hayo, na hakuna mstari unaoishi kivyake. Sehemu moja hupiga hesabu, nyingine huchukua jibu na kulihifadhi, ya tatu hulisoma na kumtumia mteja ujumbe. Ukibadilisha namna ya kwanza inavyoandika jibu lake, ya tatu huenda ikashindwa kulisoma.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Programu ya chama humtambua kila mwanachama kwa nambari ya kitambulisho cha taifa. Kisha mkutano mkuu wa mwaka unaamua kwamba watoto wa wanachama nao wafunguliwe akaunti za akiba. Mtoto hana kitambulisho, kwa hivyo mtunzi wa programu anaagizwa aanzishe nambari mpya ya uanachama itakayotumiwa na wote. Anafanya hivyo. Akaunti ya mtoto inafunguka, pesa zinawekwa, risiti inatoka. Kila mtu anaridhika.

Mwisho wa mwezi unapowadia, waajiri wanatuma orodha za makato ya mishahara kama ilivyo ada. Orodha hizo zina nambari za vitambulisho, wala si nambari mpya za uanachama. Programu inawatafuta wenye nambari hizo, haiwapati, na pesa zao zinatiwa katika akaunti ya fedha zisizojulikana mwenyewe. Mwalimu ambaye mkopo wake hukatwa kwenye mshahara anaonekana hajalipa. Baada ya miezi mitatu, jina lake linapelekwa kwa mashirika yanayoweka rekodi za wakopaji sugu. Hakuna aliyeigusa sehemu ya makato. Kilichoguswa ni nambari ambayo sehemu hiyo iliitegemea.

Laiti kabla ya toleo jipya kutumika mtu angeingiza orodha moja ya zamani ya makato na kuangalia iwapo akiba za wanachama zimeongezeka, kosa lingefichuka siku hiyohiyo.

Hatari hii imejulikana kwa miongo mingi. Frederick Brooks, Mmarekani aliyesimamia uundaji wa programu kuu ya tarakilishi za IBM System/360 katika miaka ya 1960, aliandika katika kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975 kwamba kurekebisha kasoro moja kuna uwezekano wa asilimia 20 hadi 50 wa kuzua nyingine. Alishauri kwamba baada ya kila rekebisho, majaribio yote ya awali yanafaa kurudiwa, ingawa alikiri kuwa gharama yake ni kubwa.

Dakika 45 zilizoiangusha kampuni

Gharama ya kutorudia majaribio huweza kuwa kubwa zaidi. Hayo yalidhihirika katika kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa hisa nchini humo.

Kampuni hiyo ilikuwa na programu ya kupeleka maagizo ya wateja sokoni. Ndani yake mlikuwa na sehemu kuukuu iliyoitwa Power Peg, ambayo kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003 lakini haikuiondoa. Mwaka 2005, wahandisi walihamisha sehemu nyingine, ile iliyohesabu hisa zilizokwisha kununuliwa au kuuzwa ili programu ijue wakati wa kusimama. Baada ya kuihamisha, hawakuipima tena Power Peg. Ni nani angejisumbua kupima kitu kisichotumika?

Miaka saba ikapita. Soko la Hisa la New York likapanga kuanzisha utaratibu mpya wa biashara tarehe 1 Agosti 2012, na Knight ikaandika maagizo mapya ya kuuwezesha. Ili kuyaamsha, ilitumia alama ileile ambayo zamani iliamsha Power Peg. Maagizo hayo mapya yalipaswa kuwekwa katika seva nane. Fundi aliyaweka katika seva saba na kuiacha ya nane, wala hakukuwa na mtu wa pili aliyepewa jukumu la kuhakikisha.

Soko lilipofunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, seva ya nane iliisoma alama hiyo kwa maana yake ya kale. Power Peg ikaamka, na kwa kuwa hesabu ya kuisimamisha ilikuwa imehamishwa, ikaendelea kutuma maagizo bila kikomo. Katika pilkapilka za kuokoa hali, wahandisi waliyaondoa maagizo mapya kutoka kwa zile seva saba nzima. Kosa lililokuwa katika seva moja likaenea hadi nyinginezo.

Kwa muda wa takriban dakika 45, maagizo 212 ya wateja yalikuwa yamezaa biashara zaidi ya milioni nne katika hisa za aina 154. Hasara ilipita dola milioni 460. Oktoba 2013, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 12. Kufikia wakati huo, Knight ilikuwa imekwisha kuungana na mshindani wake, Getco, ili kujinusuru.

Jambo jingine katika kisa hiki linafaa kukumbukwa. Kabla ya soko kufunguliwa asubuhi hiyo, mfumo wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja hitilafu ya Power Peg. Hazikuchukuliwa kuwa onyo.

Upimaji wa mkono

Zipo njia mbili kuu za kuifanya kazi hii. Ya kwanza na ya kale ni ya mkono. Mpimaji huketi mbele ya tarakilishi au hushika simu akiwa na orodha iliyoandikwa. Kila kipengee huonyesha hatua za kufuata na jibu linalotarajiwa: ingia kwa jina hili, omba mkopo wa Sh50,000 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, hakikisha kwamba riba ya mwezi wa kwanza ni Sh500. Jibu likiwa tofauti, mpimaji huandika alichokiona na kumrudishia mtunzi wa programu.

Udhaifu wa njia hii unaonekana kwa hesabu rahisi. Orodha yenye vipengee 600, kila kimoja kikichukua dakika tano, huhitaji saa 50. Kwa mtu mmoja anayefanya kazi saa nane kwa siku, hizo ni zaidi ya siku sita. Iwapo programu inabadilishwa kila wiki, mpimaji hatamaliza orodha ya toleo moja kabla ya jingine kufika. Isitoshe, binadamu huchoka. Anaporudia kipengee kilekile kwa mara ya 20, jicho huanza kuona kile linachotarajia kuona badala ya kilichoandikwa.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kuidharau njia hiyo. Kati ya mwaka 1985 na 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na miale kupita kiasi na mashine ya kutibu saratani iliyoitwa Therac-25, ambayo iliendeshwa kwa programu. Wawili kati yao walikuwa wakitibiwa katika kituo kimoja mjini Tyler, jimbo la Texas, Machi na Aprili 1986. Wote wawili walifariki. Kampuni iliyounda mashine ilijaribu kulirudia tukio la kwanza ikashindwa, na mashine ikarejeshwa kazini.

Waliofichua siri hiyo ni mwanafizikia wa kituo hicho akishirikiana na mhudumu aliyekuwa akiiendesha mashine. Walikaa mbele ya kibodi wakirudia hatua zilezile hadi ilipobainika kwamba kasi ya vidole ndiyo iliyoleta balaa. Mhudumu mzoefu alipokosea kuchagua aina ya matibabu na kusahihisha kosa lake chini ya sekunde nane, mashine ilikuwa bado inapanga vifaa vyake, na haikutambua kwamba maagizo yamebadilika. Aliyechapa polepole hangeliona kosa hilo kamwe.

La kusikitisha zaidi ni kwamba kasoro hiyohiyo iligunduliwa katika mashine iliyotangulia, Therac-20. Huko haikumdhuru mtu kwa sababu kulikuwa na vizuizi vya kimitambo vilivyokata umeme mambo yalipokwenda mrama. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yake ikaachiwa programu.

Mashine isiyochoka

Njia ya pili ni kuifanya tarakilishi ijipime yenyewe. Mtaalamu huandika programu ndogo ambayo kazi yake ni kuipima ile kubwa: huingiza taarifa zinazojulikana, husubiri jibu, kisha hulilinganisha na jibu sahihi lililoandikwa mapema. Yakilingana, jaribio hupita na aghalabu huonyeshwa kwa rangi ya kijani. Yakitofautiana, hutokea nyekundu na mtunzi hupata habari mara moja.

Njia hii ilipata nguvu mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1997, Kent Beck wa Marekani na Erich Gamma wa Uswisi walitunga JUnit, chombo kilichorahisisha kupima vipande vidogo vya programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Mwaka 2004, Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi Chicago katika kampuni ya ThoughtWorks, alianzisha Selenium, ambacho hufungua tovuti, hubonyeza vitufe na kujaza fomu kana kwamba ni binadamu. Jina hilo lilikuwa mzaha. Kampuni kubwa iliyouza vyombo vya upimaji wakati huo iliitwa Mercury, yaani zebaki, na madini ya selenium hutajwa kuwa dawa ya kupunguza sumu ya zebaki.

Kwa vyombo kama hivyo, vile vipengee 600 vya orodha yetu huweza kumalizika kwa dakika chache, tena usiku watu wakiwa wamelala. Kampuni nyingi huyaendesha majaribio yao kila mara mtunzi anapohifadhi badiliko, hata liwe la neno moja. Rekebisho linalofeli huzuiwa lisiwafikie wateja.

Hapa nchini, umuhimu wa kupima kwa majibu yanayojulikana ulionekana wakati wa Uchaguzi Mkuu wa Machi 4, 2013. Kura zilizoharibika zilizokuwa zikionyeshwa kwenye skrini za kituo cha kujumlisha matokeo cha Bomas of Kenya zilipita 300,000 na kuzua taharuki. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilieleza baadaye kwamba hitilafu katika programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara nane. Matokeo ya mwisho yalionyesha kura 108,975 zilizoharibika.

Hitilafu ya namna hiyo hunaswa na jaribio jepesi kabisa: ingiza fomu ya majaribio yenye kura tatu zilizoharibika, na programu ikionyesha 24, isiruhusiwe kutumika. Jaribio hilo likishaandikwa, hurudiwa kila programu inapoguswa hadi mkesha wa uchaguzi, bila gharama ya ziada inayostahili kutajwa.

Mashine huona ilichoagizwa kuona

Pamoja na sifa hizo, mashine ina upofu wake. Haijui kinachofaa; inajua tu kile ilichoambiwa ilinganishe.

Julai 19, 2024, kampuni ya usalama wa tarakilishi ya CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro, na tarakilishi takriban milioni 8.5 zinazotumia Windows zikazimika kote duniani. Safari za ndege zikafutwa, hospitali na benki zikatatizika. Uchunguzi wa kampuni hiyo ulionyesha kwamba sehemu moja ya programu ilitarajia taarifa 21 ilhali nyingine ilitoa 20 pekee. Majaribio ya awali yalikuwapo, na yalipita. Lakini katika nafasi ile ya 21 yaliwekwa alama inayokubali kitu chochote, kwa hivyo programu haikulazimika kuitazama nafasi hiyo. Siku faili mpya ilipoilazimisha kuitazama, haikukuta kitu.

Aidha, majaribio ya mashine huhitaji kutunzwa. Kitufe kikihamishwa kutoka kushoto hadi kulia, au maneno ‘Tuma pesa’ yakibadilishwa kuwa ‘Tuma’, jaribio huweza kufeli ingawa programu ni nzima. Makosa bandia yakizidi, wafanyakazi huzoea kuona nyekundu na kuipuuza, kama zilivyopuuzwa barua pepe 97 za Knight.

Vilevile, programu huweza kuharibika pasipo mtu kuibadilisha. Roketi ya Ariane 5 ya mataifa ya Ulaya iliporuka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, Juni 4, 1996, ilibeba programu ya kuongoza mwelekeo iliyofanya kazi vyema katika Ariane 4. Roketi mpya ilikwenda upande kwa kasi kubwa zaidi, na kipimo cha kasi hiyo kikazidi 32,767, nambari kubwa kabisa ambayo nafasi iliyotengewa ingeweza kuhifadhi. Chombo cha akiba kilikuwa na programu hiyohiyo, kwa hivyo nacho kilizimika. Takriban sekunde 40 baada ya kuruka, roketi ilisambaratika pamoja na setilaiti nne. Ripoti ya uchunguzi ilisema programu hiyo haikuwa imepimwa kwa safari halisi ya Ariane 5.

Funzo ni kwamba mazingira yakibadilika, pima upya. Seva zikihamishwa, kama zilivyohamishwa za M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015, au simu zikipata toleo jipya la mfumo wake, kilichokuwa kizima jana hakipaswi kudhaniwa kuwa kizima leo.

Mgawanyo wa kazi

Kwa hivyo swali la njia ipi iliyo bora halina maana kubwa. Swali la maana ni kazi ipi ipewe nani. Hesabu za riba, makato, kodi na salio, ambazo jibu lake linajulikana na hurudiwa kila mara, zinafaa kuachiwa mashine. Binadamu abakie na yale yanayohitaji akili na macho: huduma iliyo mpya kabisa, sura ya ukurasa kwenye simu ya bei nafuu, au menyu ya Kiswahili ambayo kila neno lake ni sahihi lakini mama mboga haelewi anachoulizwa. Ajaribu pia kukosea makusudi: abonyeze mara mbili, abadilishe nia katikati, akatize mtandao pesa zikiwa njiani.

Muda ukiwa mfupi, wapimaji huanza na sehemu zinazogusa pesa na usalama wa watu, kisha zile zinazotegemea kilichobadilishwa, halafu zile zilizowahi kuharibika. Kanuni moja huheshimiwa na mafundi makini: kila kasoro inaporekebishwa, huandikwa jaribio la kuinasa iwapo itarudi. Kadiri miaka inavyosonga, majaribio hayo huwa kumbukumbu ya makosa yote ambayo programu hiyo imewahi kufanya.

Bado hakuna atakayepima kila kitu. Mwanasayansi Edsger Dijkstra wa Uholanzi alitahadharisha mapema kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwa kasoro zipo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa hazipo. Ndiyo maana kampuni nyingi hulisambaza toleo jipya kwa wateja wachache kwanza na kubakiza njia ya kurejea toleo la zamani.

Vyama vya ushirika, shule, hospitali na serikali za kaunti hununua programu kila mwaka, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye bei na mambo mapya yatakayoongezwa. Kabla ya kutia sahihi, afaa aulizwe muuzaji: kila mnapoibadilisha programu hii, ni majaribio gani mnayoyarudia? Tunaweza kuona matokeo ya mara ya mwisho? Toleo jipya likituharibia kazi, litaondolewa kwa muda gani na nani atafanya hivyo? Asiyekuwa na majibu atayatafutia majibu hayo kwa pesa na majina ya wanachama wenu.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika programu, ufa huo hutokea siku ya ukarabati, nao huwa umejificha upande wa pili wa nyumba, mahali ambapo fundi hakukanyaga.